Samaki Kipepeo Kwenye Tangi la Matumbawe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Arusha na Moshi

Ukurasa huu ni wa wafugaji wa maji chumvi walioko Arusha, Moshi na vitongoji vyake, yaani sisi tulio mbali na bahari na juu yake sana. Mengi kuhusu samaki kipepeo ni yale yale popote duniani. Machache ni ya huku kwetu tu: maji yetu, baridi yetu, hewa yetu nyepesi na safari ndefu ya kutoka pwani. Ukitaka jibu moja kabla ya mengine yote, ni kwamba samaki huyu anauawa na njaa zaidi ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana tunaanza na mdomo, maji yatafuata. Anayeulizwa zaidi humu ni kopabendi, samaki kipepeo mmoja mwenye mdomo mrefu.

Mkuu, kopabendi wangu amefika jana na hagusi chakula. Nifanye nini?

Kwanza, acha kumwaga chakula. Kile anachokiacha kinaoza chini, amonia inapanda, na ile hamu ndogo aliyobaki nayo inaondoka. Siku ya kwanza mpe taa hafifu, sehemu ya kujificha na utulivu. Watoto wasigonge kioo.

Siku ya pili jaribu artemia hai, yaani vijikamba vidogo sana vya maji chumvi. Mayai yake ni makavu, yanakaa muda mrefu yakifungwa vizuri, na unayaangua nyumbani kwenye chupa ya soda iliyokatwa kitako, ikageuzwa juu chini, ikawekewa maji chumvi na bomba la hewa. Maji yakiwa ya nyuzi 26 hadi 28 wanatoka ndani ya siku moja hadi moja na nusu. Artemia si chakula kamili, hasa akishapitisha siku bila kulishwa, lakini wanatikisika, na kopabendi anakifuata kinachotikisika.

Kama artemia hawajamshawishi, nenda kwenye ganda. Hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote. Chukua chaza, kombe au kome mmoja aliyegandishwa na kuyeyushwa, mpasue kwa kisu, nyama ibaki imeshikamana na ganda. Mwegemeze kwenye jiwe, mahali penye mkondo mdogo wa maji, halafu rudi nyuma ukae mbali na kioo. Mara ya kwanza atapita kana kwamba hajaona kitu. Atarudi. Atainamisha kichwa na kuangalia kwa jicho moja, atageuka aangalie kwa jingine, mapezi ya ubavuni yakipepea taratibu na mwili umesimama pale pale. Kisha ule mdomo mrefu unaingia kwenye ukingo wa nyama, unadonoa mara moja, na yeye anaruka nyuma. Usishangilie bado. Akirudi kudonoa mara ya pili na ya tatu, hapo sasa umempata.

Akishalizoea ganda, lifanye liwe sahani yake. Siku zinazofuata pachika maisisi waliogandishwa (vijikamba vidogo vya kulishia samaki) katikati ya nyama. Baadaye weka ganda tupu lililochemshwa, likiwa na maisisi na kamba aliyesagwa peke yake. Mwisho kabisa achia maisisi wachache waelee jirani na ganda. Wapo wanaovuka hatua hizi ndani ya siku chache, wapo wanaogomea katikati wiki nzima. Ukimharakisha atarudi mwanzo.

Samaki aliyefika na mwili wake ana siku kadhaa za kusubiri. Aliyefika mgongo umebonyea hana. Huyo mpe vyote siku ile ile: artemia hai, ganda, na mayai ya samaki ukiyapata.

Kwa nini awe msumbufu hivyo wakati samaki wengine wanakula chochote?

Kwa sababu ya namna alivyoumbwa. Jamii ya samaki kipepeo ina aina zipatazo 130, na wengi wao wanapitisha mchana kutwa wakidonoa kidogo kidogo kwenye mwamba. Mdomo wa kopabendi ni kama kibano: umetengenezwa kuingia kwenye nyufa na kuchomoa minyoo na vijikamba. Kipande cha chakula kinachoelea katikati ya maji, kwake hicho si chakula, ni uchafu unaopita. Huna budi kumfundisha, na mwalimu wake wa kwanza ni ule ufa kwenye jiwe.

Wapo pia ambao hawali kingine zaidi ya nyama ya matumbawe hai. Hao hawafundishiki.

Basi nianze na yupi?

Inategemea kama unayapenda matumbawe yako.

Wasio na shida na matumbawe ni wale wanaokula vidudu vinavyoelea. Hemitaurichthys zoster, mweusi mbele na nyuma, katikati mweupe, anapatikana hapa kwetu Bahari ya Hindi, anaogelea kwa makundi, na anakula karibu kila kitu. Ndiye ningempa mtu anayeanza. Heniochus diphreutes, mwenye lile pezi refu la mgongoni, naye ni wa tabia hiyo. Ila uwe mwangalifu: ndugu yake Heniochus acuminatus wanafanana mno, na huyo wa pili ana udokozi zaidi.

Forcipiger flavissimus, wa njano mwenye mdomo mrefu, yuko katikati. Anakula vizuri kuliko kopabendi, anafika sentimita 22, na mara nyingi hayagusi matumbawe magumu, ila minyoo ya mirija itamkoma. Kopabendi mwenyewe, Chelmon rostratus, anakaa na matumbawe mengi bila ugomvi, lakini usimwekee chaza mkubwa wa mapambo ukadhani mtaelewana.

Chaetodon kleinii, Chaetodon auriga na Chaetodon lunula wote wako mwambao wa Afrika Mashariki, ni wagumu wa mwili na wepesi kula. Tatizo lao ni kwamba watakula na matumbawe yako laini, anemoni na polipu. Tangi la samaki na mawe tu, ruksa.

Sasa wale wa kukataa hata ukipewa bure: Chaetodon meyeri, Chaetodon trifasciatus, Chaetodon trifascialis, na Chaetodon zanzibarensis aliyebeba jina la Zanzibar. Ni wazuri kupindukia, na ni walaji wa matumbawe. Chaetodon trifascialis anategemea hasa matumbawe ya jamii ya Acropora, yale ya matawi na meza. Muuzaji atakwambia "huyu anakula, nimemwona". Muulize anakula nini, halafu omba video.

Nimeambiwa kuna kopabendi wa Mafia kwa bei nafuu. Ni kweli?

Hapana. Kopabendi anaanzia Bahari ya Andamani kwenda mashariki, hadi Visiwa vya Ryukyu na Australia. Pwani yetu hayupo. Ama unauziwa samaki mwingine wa njano, ama ameingizwa kutoka Asia na mtu anaficha urefu wa safari yake.

Tukiwa hapo hapo: usimtume mtu akuvulie samaki au akukatie matumbawe ndani ya hifadhi za bahari, iwe Mafia, Chumbe au ile ya silikanti kule Tanga. Kuvua samaki wa mapambo kunataka leseni, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka pale Holili au Namanga kunahitaji karatasi.

Tangi liwe la lita ngapi?

Kwa kopabendi, lita 400 na kuendelea, urefu usipungue mita moja na robo. Lakini umri wa tangi una uzito kuliko ukubwa wake. Tangi la miezi miwili lina mawe masafi, na mawe masafi hayana chakula. Subiri miezi sita angalau, mwaka ni bora zaidi. Zima taa usiku, mulika mawe kwa tochi: ukiona vijikamba vinaruka na minyoo myembamba inachungulia kwenye mashimo, ujue ghala lipo. Usipoona kitu, hujafika bado.

Naweza kutumia maji ya bomba ya Arusha?

Kuchanganya chumvi moja kwa moja, hapana. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floridi nyingi. Meno ya kahawia ya wenyeji wa huku ndiyo ushahidi. Maji ya bahari yenyewe yana floridi kama miligramu 1.3 kwa lita, na viko visima na vijito huku vinavyozidi hapo mara kadhaa. Ongeza klorini na madini mengine yanayobadilika kila mtaa, halafu kumbuka kwamba kila maji yanapokauka tangini na wewe ukajazia, yale madini yanabaki na kujilimbikiza.

Chujio la osmosi likifuatiwa na chujio la kuondoa ayoni ndilo jibu. Maeneo yenye presha ndogo ya maji, na tunayajua, chujio la osmosi litatoa tone tone na kumwaga maji mengi bure, kwa hiyo weka pampu ndogo ya kuongeza presha. Kipima madini kisome sifuri, au karibu na sifuri, kabla ya kuchanganya chumvi.

Moshi wana nafuu kidogo kwa sababu chemchemi nyingi za Kilimanjaro ni laini. Lakini "laini" ya kunywa na "safi" ya matumbawe ni vitu viwili. Chuja tu.

Na chumvi ya mawe ya sokoni?

Hapana. Ile ya mabwawa ya chumvi ni sodiamu kloridi karibu tupu; magnesiamu na vingine hubaki kwenye maji yanayomwagwa baada ya chumvi kuganda. Nunua chumvi maalumu ya matumbawe, changanya hadi sehemu 35 kwa elfu, pima kwa refraktomita, yaani kipima chumvi.

Asubuhi namkuta kopabendi anahema haraka juu ya maji, vipimo vyote ni vizuri. Kuna nini?

Hili ni la kwetu hasa, vitabu vilivyoandikwa na watu wa pwani hawana habari nalo. Kwenye usawa wa bahari, maji chumvi ya nyuzi 26 yanashika oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu, mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 15, na maji yale yale hayafiki 6. Moshi, kwenye mita 900 hivi, upungufu ni kama asilimia 10. Mchana mwani na matumbawe hutoa oksijeni, hivyo humwoni akihangaika. Usiku wote wanavuta, hakuna anayetoa. Alfajiri ndiyo saa mbaya.

Geuza pampu moja ipige juu ya maji hadi uso mzima uwe unatetemeka. Skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa mapovu, isizimwe usiku kwa sababu ya kelele. Ihamishe au zoea kelele. Ondoa kifuniko cha kioo, weka wavu. Kopabendi anaruka mara chache, lakini anaruka. Kama ukishafanya hayo bado anahema, na hasa kama anahema kwa upande mmoja wa matamvua, soma jibu la minyoo bapa hapa chini.

Baridi ya Julai inamsumbua?

Ndiyo, na ndipo wengi wanaacha kula ghafla. Usiku wa Juni na Julai Arusha unaweza kushuka hadi nyuzi 12 na chini yake, na nyumba zetu hazina joto la ndani. Lenga nyuzi 25 au 26 mwaka mzima. Weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikifa, nyingine inakusogeza hadi asubuhi; moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kupika tangi. Funga upande wa nyuma wa tangi na sampu (tangi dogo la chini lenye vifaa) kwa godoro jembamba la sponji. LUKU itaonja, lakini si kama unavyodhani.

Moshi tatizo ni kinyume chake. Mchana wa Februari unapita nyuzi 32, na maji yakivuka 28 oksijeni inazidi kupungua wakati samaki anaihitaji zaidi. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hadi tatu kwa kuyakausha. Unachojazia hapo ni maji matamu yaliyochujwa, si maji chumvi, maana chumvi haikauki.

Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita?

Cha kwanza ni hewa, cha pili ni joto. Pampu ya hewa ya betri, au inveta ndogo inayobeba pampu moja tu ya mzunguko, inatosha. Hita usiiweke kwenye inveta, itaimaliza betri. Mfunike tangi kwa blanketi, chupa za plastiki zenye maji ya moto zielee ndani kama ni Julai. Usimlishe mpaka umeme urudi.

Na friji je? Chakula kilichoyeyuka na kuganda tena ni cha kutupa, hata kama kiliuma kukinunua. Maisisi wakishayeyuka mara moja, maji yao yanakuwa mekundu kidogo na wananuka. Wagandishe kwenye vipakiti vidogo bapa chini kabisa ya friza, katikati ya chupa za barafu, na usifungue mlango.

Namchaguaje nikiwa Arusha na samaki yuko Dar?

Kwa video, na usione haya kuomba. Sema hivi: "Kaka, nirekodie akila, simu isikatwe, leo na kesho kutwa." Muuzaji wa kweli atafanya. Angalia vitu vinne. Mgongo nyuma ya kichwa uwe umejaa. Ukiwa mwembamba kama wembe, mwache. Tumbo lisiwe limeingia ndani. Ncha ya mdomo isiwe na kidonda wala weupe, maana mdomo ukivunjika ndani ya mfuko hatakula tena. Na kupumua kuwe kwa utulivu, pande zote mbili.

Samaki wa sentimita nane hadi kumi na mbili ndiye mzuri. Wadogo sana hawana akiba ya mwili, wakubwa sana hawataki kujifunza.

Aliyekaa kwa muuzaji wiki mbili akila ana thamani kuliko aliyeshuka kwenye ndege leo kwa bei nusu. Kwa samaki walioingizwa kutoka Ufilipino na Indonesia, ambako uvuvi wa kutumia sumu ya sayanidi umetumika sana, sababu hiyo ni kubwa maradufu.

Basi au ndege?

Dar hadi KIA kwa ndege ni kama saa moja; kwa basi hadi Arusha ni kutwa nzima. Kutoka Tanga basi linaeleweka zaidi. Vyovyote vile, mfuko mmoja samaki mmoja, maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili, mifuko miwili ikivaliana, ndani ya deli lililofungwa. Asipande kwenye buti jirani na injini. Mwambie pia anayefunga asiujaze mfuko ukakaza kama ngoma: uliofungwa usawa wa bahari unavimba ukipanda mlima, na kuna walioufungua Moshi ukakutwa umekwisha pasuka mshono.

Ukifika, usimdondoshee maji tone tone kwa saa nzima. Ndani ya mfuko kuna amonia iliyotulizwa na pH ya chini. Ukiufungua, hewa safi inapandisha pH na amonia inageuka sumu. Sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, pima chumvi, uwe umeandaa maji ya karantini yenye chumvi inayokaribiana, mhamishe mara moja. Maji ya mfuko yamwagwe nje.

Karantini ni lazima?

Ndiyo. Wiki nne hadi sita, tangi la lita 100 lisilo na mchanga, lenye vipande vya bomba vya kujificha na kiasi cha mawe makavu ya kudonolea. Faida yake kubwa kwa samaki kipepeo hata si ugonjwa: ni kwamba anajifunza kula akiwa peke yake.

Mpangilio wangu ni ale kwanza, dawa baadaye. Dawa ya shaba inafanya kazi dhidi ya madoa meupe, lakini inakata hamu ya kula, na samaki ambaye bado hajajua ganda ni nini hatanusurika. Kwa madoa meupe, yaani Cryptocaryon irritans, napendelea kumhamisha: kila baada ya saa 72, isizidi, anakwenda kwenye tangi jingine kavu lililojazwa maji mapya, mara nne. Vimelea wanaachwa nyuma kabla ya kuanguliwa. Haihitaji dawa yoyote, ila ndoo na chumvi vya kutosha. Wavu, mabomba na pampu zikauke kabisa kabla ya kutumika tena.

Kama madoa tayari yako kwenye tangi kubwa, hakuna dawa ya kuweka humo bila kuua matumbawe. Samaki wote wanatoka, na tangi linakaa bila samaki. Wafugaji wengi wanaliacha siku 76.

Anakula vizuri lakini anakonda.

Sababu mbili za kuanzia. Ya kwanza, hali kiasi unachodhani. Simama uhesabu madonoo yake, si ya jumla ya tangi. Samaki mwingine mmoja mwenye pupa anamaliza chakula chote wakati kopabendi bado anaangalia kwa jicho la kushoto.

Ya pili, minyoo. Samaki kipepeo wanabeba sana minyoo bapa kwenye matamvua na ngozi: anajikuna kwenye mawe, anahema upande mmoja, macho yanafifia. Prazikuanteli, dawa ile ile inayotibu kichocho, inatumika kwa miligramu 2.5 za kiambato kwa kila lita ya maji, na hurudiwa baada ya siku tano hadi saba kuwapata walioanguliwa baadaye. Fanya hivyo karantini, zima skima, toa mkaa, ongeza hewa. Ukiimwaga kwenye tangi kubwa utaua minyoo ya mirija yote, na hicho kilikuwa chakula chake.

Chakula gani kinapatikana huku?

Kamba wabichi wa baharini wanaoletwa na barafu: wamenye, saga, gandisha bapa. Ngisi kidogo. Chaza, kombe na kome, kama una ndugu anayepita soko la samaki la Feri, Dar, akufungashie kwenye deli. Waoshe, wagandishe siku mbili kabla ya kuwatumia. Mayai ya samaki wa baharini yana mafuta mazuri. Maisisi waliogandishwa kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya akwariamu ndio msingi wa kila siku, na vitamini ya matone juu yake mara mbili au tatu kwa wiki.

Dagaa wakavu, hapana: wana chumvi ya kukaushia, mchanga, na hawana umbo analolijua. Nyama ya ng'ombe na ini la kuku, hapana kabisa. Mafuta yake yanaganda ndani ya samaki. Viluwiluwi vya mbu anavila kwa furaha. Ila kufuga mbu nyumbani ili ulishe samaki wa mapambo, hilo umwelezee mwenye nyumba wewe mwenyewe.

Kitunguu saumu? Wengi wanaloweka chakula humo. Hakidhuru, na sijaona kikimgeuza aliyegoma.

Nimlishe mara ngapi kwa siku? Mimi niko kazini kutwa.

Mara tatu ndiyo kiwango cha chini, kidogo kidogo. Tano ni bora mwezi wa kwanza. Aliye kazini alishe alfajiri, jioni, na kabla ya taa kuzimwa, halafu asubuhi aache ganda lililojazwa ambalo samaki atalidonoa polepole. Litolewe jioni, hata kama bado lina kitu. Kulisha hivi kunachafua maji, kwa hiyo skima iwe ya tangi kubwa kuliko lako na maji yabadilishwe asilimia 10 hadi 15 kila wiki.

Atanimalizia aiptasia, zile anemoni ndogo sumbufu?

Huenda. Wengine wanazifagia, wengine wanaziangalia. Usimnunue kwa kazi hiyo pekee, na akishazimaliza ukumbuke kwamba alikuwa anazila kama chakula.

Nani akae naye?

Wapole na wasio na pupa: samaki nemo, gobi, kardinali. Samaki kikwaruzo (tang) wakali wa njano na zambarau waingie baada yake, wasimtangulie. Usiweke kopabendi wawili. Watapigana mpaka mmoja aache kula.

Kuna vinundu vyeupe kwenye pezi, si madoa, ni mabonge.

Yaelekea ni limfosisti, ugonjwa wa virusi unaowapata sana samaki kipepeo baada ya safari. Hauna dawa na hauhitaji. Akila vizuri na maji yakitulia, vinundu hupotea vyenyewe ndani ya wiki au miezi. Usivikate.

Usiku rangi inafifia na anapata madoa ya kijivu.

Amelala. Muache.

Desemba tunapanda Rombo wiki mbili. Nani atalisha?

Usimwingize samaki kipepeo mpya Novemba, hilo la kwanza. Kwa aliyekwisha kukaa, mashine ya kulisha haisaidii, kwa sababu inamwaga chakula kikavu na wengi wao hawakigusi. Mtafute kijana wa jirani, mwite wiki moja kabla, alishe mbele yako hadi ajue unavyoangalia mgongo wa samaki. Gawa chakula kwenye pakiti za siku, andika tarehe juu ya kila moja, panga kwenye friza kwa mfuatano. Onyesha swichi ya pampu ya betri na umwachie dumu la maji yaliyochujwa lenye alama ya kiasi cha kujazia. Akutumie video fupi ya kopabendi akila kila jioni, mtandao ukiruhusu. Na umsisitizie: akisahau siku moja, asifungue pakiti mbili kesho yake.